MGONGO WETU NA MAZOEA YETU

(Hotuba hii ilisomwa na Kamati ya Elimu ya chama chetu katika mkutano wa wanachama. Kwa kuwa wengi walikuwa zamu siku ile, tumeombwa kuichapa hapa ili kila mmoja apate kuisoma na kuwasomea wenzake.)



Leo hatukuja kusema habari ya mishahara. Habari hiyo iko mikononi mwa Katibu na wajumbe, nanyi mtaipata kwao. Tumekuja kusema habari ya mwili, ambao bila huo mshahara haupatikani. Mfanya kazi hana duka, hana nyumba za kupangisha, na shamba lake, kama analo, ni dogo. Mali yake ni mikono miwili, macho na mgongo. Mashine ya tajiri ikiharibika, fundi huitwa siku ile ile. Mgongo wa mfanya kazi ukiharibika, huambiwa aende nyumbani akapumzike, na mahali pake hutafutwa mwingine.

Kamati yenu imepita kazini idara kwa idara ikiuliza. Wachukuzi wa ghalani wanalalamika kiuno. Madereva wa malori na mataniboi wao wanalalamika kiuno na magoti. Akina mama wa cherehani wanasema shingo na mabega huwaka moto kabla ya saa nane mchana. Makarani wa kompyuta, ambao wenzao huwaonea wivu kwa kuwa wanaketi kivulini, wanasema vidole hufa ganzi na kichwa huuma jioni. Kila mmoja anadhani shida yake ni yake peke yake, au ni uzee, au ni baridi. Sisi twaona kwamba shida hizi ni ndugu.

Basi kuna jambo ambalo twataka mlifikirie, kisha mliamue kwa kura katika mkutano ujao. Jambo lenyewe ni hili: kuna elimu ya kumfundisha mtu kuacha mazoea mabaya ya mwili, jinsi anavyosimama, anavyoketi, anavyoinama, anavyoinua kitu. Elimu hiyo haifundishwi kwa watu mia katika ukumbi. Hufundishwa mtu mmoja mmoja, mwalimu na mwanafunzi wake peke yao, somo baada ya somo. Je, yafaa chama kitoe fedha za mfuko wa elimu kwa ajili yake? Kabla ya kujibu, tusikilize kwanza habari zake zote, nzuri na mbaya.

MAZOEA NI NINI

Mtazameni mtoto wa miaka mitatu anapookota kitu chini. Huchuchumaa, mgongo wake umenyooka, kichwa kimekaa juu ya shingo bila taabu, kisha huinuka kama hakufanya kitu. Hakuna aliyemfundisha. Sasa mtazameni baba yake akiokota kalamu. Huvunja kiuno, hubana pumzi, hukaza shingo, huvuta kichwa nyuma, na akiinuka hugumia. Kalamu haina uzito wowote. Basi huyo baba anabeba nini? Anabeba mazoea yake.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikikaa sawa juu ya uti wa mgongo, mifupa hukichukua. Kikining'inia mbele juu ya cherehani au simu, au kikivutwa nyuma kwa shingo iliyokazwa, nyama za shingo na mgongo hazina budi kukishika tangu asubuhi hadi jioni, nazo hazilipwi ovataimu. Tena jambo hili halituumi siku ya kwanza. Lingetuuma siku ya kwanza tungeliacha. Huingia polepole, mwaka baada ya mwaka, hata mtu huona ndivyo alivyoumbwa.

Wengi wetu tumeona picha zilizobandikwa ukutani karibu na mlango wa ghala. Mtu mmoja ameinua sanduku kwa kukunja magoti, amewekewa alama ya ndiyo. Mwingine ameinama kwa kiuno, amewekewa alama ya msalaba. Picha hizo si uongo. Lakini tuulizane: nani kati yetu amebadilika kwa kuzitazama? Siku ya mafunzo twakunja magoti. Lori likifika saa kumi na moja jioni, na nyapara akapiga kelele, kila mtu hurudi kwa desturi yake ya zamani. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Kujua lililo jema ni kitu kimoja, na kuacha ulilozoea ni kitu kingine kabisa. Hapo ndipo elimu hii inapoanzia.

ALIYEANZISHA

Aliyeianzisha hakuwa daktari. Alikuwa msema mashairi jukwaani, jina lake Frederick Matthias Alexander, aliyezaliwa mwaka 1869 katika kisiwa cha Tasmania, nchi ya Australia. Mkate wake ulikuwa sauti yake, kama vile wa mchukuzi ulivyo mgongo wake. Akiwa bado kijana sauti ilianza kukauka kila aliposimama mbele ya watu. Madaktari walimwambia apumzike. Akapumzika, sauti ikarudi. Akapanda jukwaani tena, ikapotea kabla hajamaliza. Ndipo alipojiuliza swali la busara: ikiwa nikipumzika napona, na nikisema naugua, je, si kwamba kuna kitu ninachokifanya mwenyewe wakati wa kusema?

Daktari hakuweza kumwambia kitu hicho ni nini. Basi akanunua vioo akajitazama. Akaona kwamba kila anapoanza kusema huvuta kichwa nyuma, hukandamiza koo, na huvuta pumzi kwa mdomo kwa sauti. Akajaribu kujirekebisha kwa kupeleka kichwa mbele. Alihisi kabisa kwamba amekipeleka mbele. Alipotazama kioo, kichwa kilikuwa kimerudi nyuma kuliko kwanza!

Ndugu zetu, hapa ndipo penye kiini cha habari yote, nasi twaomba mpasikilize vizuri. Mtu aliyezoea kupinda huhisi kwamba amenyooka. Ukimnyoosha huhisi kwamba amepinda. Kwa hiyo kumwambia mwenzako «kaa sawa» hakumsaidii, kwa sababu atakaa kwa kipimo cha hisi yake, na kipimo chenyewe kimeharibika. Ni kama mzani wa duka uliochezewa: hata ukipima mara mia, sukari itakuwa pungufu mara mia.

Alexander alichukua muda mrefu kutafuta njia. Njia aliyoiona ni hii. Kwanza, asitafute kufanya sawa, bali aache kufanya vibaya. Aliposikia ndani ya moyo wake neno «sema», hakusema. Alisita. Katika kusita huko aliifikiria shingo iwe huru, kichwa kiende mbele na juu, mgongo urefuke na upanuke. Kisha akajipa uhuru wa kuchagua: labda aseme, labda asiseme, labda ainue mkono badala ya kusema. Kwa kuwa hakukimbilia mwisho wa jambo, ile desturi ya zamani haikupata nafasi ya kumrukia. Sauti yake ikatengemaa, na watu wakaanza kumwendea awafundishe.

Mwaka 1904 alihamia London akafundisha huko. Mwaka 1931 alianza kuwafundisha walimu, na mwaka 1932 akatoa kitabu kinachoeleza habari ile ya vioo. Alifariki mwaka 1955, na elimu yake huitwa kwa jina lake mpaka leo. Mwalimu wake halali husomea miaka mitatu, saa kama 1,600. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba amekuwa mwalimu baada ya mafunzo ya siku mbili, mwambieni ahsante na mfunge mlango.

SOMO LENYEWE

Wawili katika kamati yetu wamepata masomo haya, mmoja ni mchukuzi na mmoja ni karani. Twawaeleza tuliyoyaona ili msidhani ni uganga.

Somo huchukua nusu saa, au zaidi kidogo. Hakuna dawa, hakuna kukandwa, hakuna kuvua nguo, hakuna mazoezi ya kutoka jasho. Kuna kiti cha kawaida na meza ndefu. Mwalimu husimama kando, huweka mkono wake kwa wepesi nyuma ya shingo ya mwanafunzi, kisha husema: nitakuambia inuka, lakini usiinuke. Mtu hucheka. Kisha mwalimu husema «inuka», na ingawa mwanafunzi amekusudia kutoinuka, mkono wa mwalimu hutambua kwamba shingo imekwisha kujikaza, mapaja yamekwisha kujiandaa. Mwili umetii kabla ya mwenyewe kuamua. Sisi tuliozoea king'ora cha kiwanda na sauti ya nyapara hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Tulielewa.

Basi mwanafunzi hujifunza kusikia amri bila kuruka. Hujifunza kusita kitambo kidogo, kama muda wa kupepesa jicho. Halafu mwalimu humwongoza kwa mikono hata anainuka bila kuikaza shingo, naye huona ajabu, kwa maana kazi ile ile imekuwa nyepesi. Baadaye hulala chali juu ya meza, kichwa juu ya vitabu vichache, magoti yamesimama, naye mwalimu husogeza mkono au mguu wake taratibu ili aone pale anapojikaza bila sababu. Mwishoni huletwa kazi yake mwenyewe. Kwa mchukuzi huletwa mzigo mdogo, kwa karani huletwa kibodi, kwa mshonaji huletwa kitambaa.

Mtauliza kwa nini mtu mmoja mmoja. Ni kwa sababu mazoea ya mchukuzi si ya karani, wala ya mchukuzi huyu si ya yule. Na kwa kuwa hisi ya mtu mwenyewe humdanganya, hana budi kupata mkono wa mwingine umwonyeshe. Kipaza sauti hakina mkono.

JE, INA FAIDA?

Watu mashuhuri walijifunza kwa Alexander. John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, alikuwa mwanafunzi wake. Sir Stafford Cripps wa chama cha Labour, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza kuanzia 1947 hadi 1950, alikuwa mwanafunzi wake. Lakini sisi hatuamini jambo kwa sababu wakubwa wameliamini. Twataka kuona hesabu.

Mwaka 2008 gazeti la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapa habari ya uchunguzi wa watu 579 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu au ya kurudi rudi. Waligawanywa kwa kura. Baada ya mwaka mmoja, wale waliopata matibabu ya kawaida tu walikuwa wanaumwa kwa wastani siku 21 katika majuma manne. Waliopata masomo 24 walikuwa wanaumwa siku 3. Waliopata masomo 6 tu walikuwa wanaumwa siku 11, na waliokandwa mwili, siku 14. Tena masomo 6 yakiongezewa mazoezi ya kutembea yaliyoagizwa na daktari, faida yake ilikaribia robo tatu ya ile ya masomo 24. Mwaka 2015 ukachapwa uchunguzi mwingine wa watu 517 wenye maumivu ya shingo, na humo pia waliopata masomo walipata nafuu iliyodumu.

Hiyo ndiyo habari nzuri. Sasa tuseme na mipaka yake. Elimu hii si dawa ya kila kitu. Haiunganishi mfupa uliovunjika. Haitibu kifua kikuu cha uti wa mgongo wala shinikizo la damu. Mwenye maumivu makali ya ghafla, au ganzi ya miguu, au anayeshindwa kuzuia haja, aende hospitali siku ile ile, asingoje somo. Tena elimu hii imekuwa na ubishi tangu zamani. Huko Afrika Kusini, mwaka 1944, gazeti la mazoezi ya viungo lilimshambulia Alexander na kumwita laghai. Alishitaki, na mwaka 1948 mahakama ya Johannesburg ikampa fidia ya pauni 1,000. Wapinzani wakakata rufani, wakashindwa tena 1949. Lakini hata aliyeshinda kesi hapaswi kudaiwa miujiza.

WANAOPINGA

Katika kuzunguka kwetu tumesikia maneno matatu ya kupinga. Yote matatu ni ya maana, nasi twayajibu moja moja.

Wa kwanza wanasema: samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumekwisha kukauka, tuna miaka hamsini, mtatukunja vipi? Twajibu hivi. Methali hii ni ya kweli kwa samaki. Lakini George Bernard Shaw, mwandishi mashuhuri wa michezo ya kuigiza, alianza masomo haya akiwa na umri wa karibu miaka 80. Tena hatusemi mtu akunjwe. Twasema afunguliwe. Mkunjo ni wa mazoea, na mazoea tuliyaokota njiani wenyewe.

Wa pili wanasema: hii ni anasa ya wazungu, wazee wetu walibeba mizigo bila mwalimu. Hao nao wana haki ya kusikilizwa, tena kuna ushahidi upande wao. Mwaka 1986 wataalamu, akiwamo Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapa katika gazeti la Nature habari za akina mama wa Kiluo wanaobeba mzigo kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa mukwa unaopita kipajini. Waliwapima pumzi wakiwa wanatembea. Wakaona kwamba mama anaweza kubeba mzigo wa sehemu ya tano ya uzito wake, yaani kilo 12 kwa mama wa kilo 60, bila kutumia nguvu zaidi ya anapotembea mikono mitupu. Wataalamu wa dunia walishangaa. Bibi zetu hawakushangaa.

Lakini tuangalie mambo mawili. La kwanza, akina mama wale walianza kujifunza tangu utotoni, kidogo kidogo, wakiongozwa na mama zao. Kumbe nao walikuwa na mwalimu, tena mwalimu wa mtoto mmoja mmoja! Sisi tulioingia mjini tukaketi mbele ya mashine hatukuwa na mama wa kutufundisha kuketi saa tisa. La pili, mzigo ukipita sehemu ile ya tano, nguvu zinazotumika huongezeka kama kwa mtu mwingine yeyote. Ustadi una mwisho wake. Hakuna ustadi unaoweza kuufanya mzigo wa kilo 90 uwe manyoya.

Na hapo ndipo tunapofikia neno la tatu, ambalo ndilo zito. Wanachama wa ghalani wametuambia: mkileta masomo haya, tajiri atafurahi sana. Mtu akiumia atasema, hukukaza shingo vizuri, kosa ni lako. Gunia litabaki lile lile, na mgongo ndio utakaoshitakiwa.

Ndugu zetu, hofu hii si ya bure, nasi hatuwezi kuipita kwa haraka. Twataka ieleweke mchana kweupe: somo la mwili si badala ya gunia dogo. Shirika la Kazi la Dunia lilitoa shauri mwaka 1967 kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo zaidi sana. Gunia la mahindi la kilo 90 limepita kipimo hicho kwa kilo 35. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mwajiri asimtake wala asimruhusu mfanya kazi kubeba mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumdhuru. Yasema pia kwamba mahali pa kazi, vyombo na kazi yenyewe vipatanishwe na mfanya kazi. Haikusema mfanya kazi akunjwe mpaka apatane na meza. Tena penye wafanya kazi 20 au zaidi, sheria hiyo yataka iwepo kamati ya usalama, na sisi wafanya kazi tuwe na wajumbe wetu ndani yake.

Kuna na jambo lingine. Tulisema kwamba mwalimu humfundisha mtu kusita, asikimbilie mwisho. Lakini mchuma chai anayelipwa kwa kilo, na mshonaji anayelipwa kwa idadi ya mashati, atasita vipi? Kila kitambo anachosita kinatoka katika unga wa watoto wake. Desturi ya kukimbilia mwisho haikuzaliwa katika shingo ya mfanya kazi peke yake. Imepandwa na jinsi anavyolipwa. Kwa hiyo twaona kwamba kazi ya mwalimu na kazi ya Katibu ni mikono miwili ya mtu mmoja. Mwalimu atufundishe kuacha kujiumiza wenyewe. Chama kizuie tusiumizwe na wengine. Ukikata mkono mmoja, wa pili utachoka bure.

Tena twawaambia ndugu wa ghalani jambo hili. Mtu aliyejifunza kuujua mwili wake si rahisi kudanganywa. Akiambiwa kwamba gunia halina neno, atajua kwa yakini kama ni uzembe wake au ni uzito wa gunia. Leo wengi wetu hatuwezi kutofautisha, na ndiyo sababu twanyamaza.

LINALOWEZEKANA BILA FEDHA

Tukingoja kura, yako mambo machache ambayo kila mwanachama anaweza kuyaanza kesho bila kulipa senti. Hayawi badala ya mwalimu, lakini hayana madhara.

1. Kila siku, ukitoka kazini, lala chali juu ya mkeka sakafuni dakika 10 au 15. Weka chini ya kichwa vitabu viwili au vitatu, au blanketi lililokunjwa, shingo isipinde nyuma. Magoti yasimame, nyayo ziwe chini, mikono juu ya tumbo. Usilale usingizi, wala usifanye kitu. Acha sakafu ikubebe. Kitanda cha kubonyea hakifai kwa jambo hili.

2. Chagua kitendo kimoja tu cha kila siku, kama kuinuka kitini au kufungua mlango wa lori. Kabla ya kukitenda, sita. Uliza: shingo yangu imekwisha kukazwa? Kisha tenda. Usichague vitendo kumi, utavisahau vyote.

3. Usijilazimishe kukaa wima kama askari kwenye gwaride. Kifua kilichosukumwa mbele ni mkazo mwingine tu, umebadilishwa mahali.

4. Usibane pumzi unapoinua mzigo. Ukiona huwezi kuuinua bila kubana pumzi, ujue mzigo unahitaji mtu wa pili. Mwite. Asiwepo mtu wa kumcheka mwenzake anayeomba msaada.

5. Kazi yako ikiwa ya kuketi, simama kidogo kila nusu saa. Ikiwa ya kusimama, na kazi yenyewe yaruhusu kuketi, sheria yataka uwekewe kiti. Kikikosekana, mwambie mjumbe wako.

SHAURI LETU

Chama ni kazi ya wengi, na somo hili ni la mmoja mmoja. Wengine wataona kwamba mambo haya mawili hayapatani. Lakini kusoma na kuandika pia ni kwa mmoja mmoja: hakuna anayeweza kunisomea mpaka nikajua mimi. Hata hivyo vyama vimefungua madarasa ya ngumbaru, kwa sababu mtu peke yake hakuweza kumlipa mwalimu, na wengi pamoja waliweza. Miaka mingi masomo haya ya mwili yamekuwa ya waigizaji, wanamuziki na watu wenye nafasi. Wao hujifunza ili wapige vinanda vizuri zaidi. Sisi tungejifunza ili tufike umri wa kustaafu tukiwa tunatembea kwa miguu yetu. Nani ana haja kubwa zaidi?

Basi kamati yenu yaleta shauri hili lipigiwe kura:

Kwanza, chama kitoe katika mfuko wa elimu gharama ya masomo 6 kwa kila mwanachama atakayechaguliwa, wawili kutoka kila idara, wa kwanza wawe wale ambao maumivu yamewarudia mara nyingi. Wasilazimishwe. Wakubali wenyewe. Wakimaliza, waueleze mkutano kwa kweli kama wamepata nafuu au hawakupata, ndipo tuamue kuendelea au kuacha. Wala wasijifanye walimu.

Pili, kabla ya somo la kwanza kuanza, Katibu apeleke kwa mwajiri barua ya kudai magunia yasiyozidi kilo 50, viti vinavyofaa, na dakika za kupumzika zilizolipwa kwa wale wa cherehani na kompyuta. Mambo haya yaandikwe katika mkataba wetu ujao.

Tatu, iandikwe katika barua hiyo kwamba masomo ya mfanya kazi hayatatumika kamwe kumnyima fidia akiumia. Mwajiri asipokubali neno hili la tatu, masomo yatafanyika nje ya kazi, kwa fedha zetu, na majina ya wanaosoma hayatatolewa.

Tumesema yote tuliyo nayo. Kama mna shaka, ileteni kwenye mkutano, msiiache mlangoni. Na kama mnakubali, inueni mikono siku ya kura. Twaomba tu kwamba mkiinua mikono, msikaze shingo.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Elimu